SOMO: TUMTAZAME MTOTO ANAVYOKUA

Mwenye shamba la minazi hangoji mnazi uzae ndipo autazame. Huupitia ungali mche. Huangalia kama makuti mapya yanatoka, na kama wadudu wameingia. Akiona kasoro, huitibu mapema. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Katika somo hili tutajifunza namna mwalimu wa awali na mzazi wanavyoweza kumtazama mtoto mdogo na kujua anakuaje.

1. Elimu ya awali ni nini?

Elimu ya awali ni masomo anayopata mtoto kabla ya darasa la kwanza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu hii katika mfumo rasmi wa shule. Sera ya mwaka 2014 ikasema kwamba kila mtoto lazima asome awali mwaka mmoja. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kwa masomo hayo.

Mtaala wa mwaka 2016 ulitaja mambo 6 ambayo mtoto wa awali ajifunze:
- kuhusiana na wenzake;
- kuwasiliana;
- kutunza afya;
- kutunza mazingira;
- stadi za sanaa;
- hesabu za mwanzo.

Utaona kwamba kusoma na kuandika si jambo pekee. Mtoto anayejua kungoja zamu yake naye amejifunza.

2. Kwa nini tusimpe mtihani?

Wazazi wengi huuliza, "Mwanangu kawa wa ngapi?" Lakini mtoto wa miaka 5 akiwekewa karatasi anaweza kuogopa, kusinzia au kulia. Karatasi hiyo haitatuambia anajua nini. Mtoto huyo huyo akicheza mdako, huhesabu vijiwe bila kukosea. Kwa hiyo tumtazame akiwa katika kazi zake na michezo yake.

3. Tutazame nini?

Watoto hawalingani. Mmoja huwahi, mwingine huchelewa kidogo. Hata hivyo kuna mambo ambayo watoto wengi huyaweza kwa umri wao:

Miaka 3: Huchora duara akionyeshwa. Huzungumza na mtu, wakajibizana.

Miaka 4: Hudaka mpira mkubwa mara nyingi. Huchora mtu mwenye viungo 3 au zaidi.

Miaka 5: Huruka kwa mguu mmoja. Huhesabu mpaka 10. Husimulia jambo lenye matukio mawili, kwa mfano, "Baba alikwenda pwani, akarudi na samaki."

Vifaa havihitaji fedha. Sisi watu wa Dunda tunavyo vingi mlangoni. Mpe mtoto kombe za pwani, mwambie atenge kubwa na ndogo. Mpe vifuu vya nazi, mwambie avipange na kuvihesabu. Mwache achore mchangani kwa kijiti. Wewe kaa kando, tazama.

4. Tuandike tulichokiona

Mwalimu awe na daftari, na kila mtoto awe na ukurasa wake. Aandike tarehe na jambo aliloliona kwa macho au kulisikia. Asiandike "mvivu" wala "mkaidi". Maneno hayo ni hukumu, wala hayamsaidii mtu.

Pengine mwalimu atasema, "Watoto ni wengi, nitawezaje?" Tufanye hesabu. Darasa lina watoto 60. Akiwatazama watoto 6 kila siku, baada ya siku 10 za shule amewapitia wote. Kisha anaanza upya.

5. Mfano: mama na mwalimu

Tuseme mama mmoja amekwenda shuleni kuuliza habari za mwanawe.

Mama: Hodi mwalimu.

Mwalimu: Karibu mama. Habari za nyumbani?

Mama: Njema. Nimekuja kuuliza, mwanangu kawa wa ngapi?

Mwalimu: Awali hatuna wa kwanza wala wa mwisho, mama. Lakini habari zake ninazo humu daftarini.

Mama: Mie namwona kichwa kigumu tu. Ukimtuma, hasikii.

Mwalimu: Hebu sikiliza nilivyoandika. "Jumatatu. Nimemwita mara 3 nikiwa nyuma yake. Hakugeuka. Nilipomgusa bega, aligeuka akacheka. Jumatano. Amepanga kombe vizuri baada ya kutazama wenzake. Hadithi hakuifuata."

Mama: Ala! Basi sikio lake moja linatoka usaha tangu masika. Bibi yake humtilia mafuta ya nazi.

Mwalimu: Msimtilie kitu, mama. Wala asipige mbizi baharini, maji yasiingie sikioni. Mpeleke hospitali apimwe. Nami tangu leo nitamkalisha mbele, na nitasema naye huku ananitazama.

Ndugu msomaji, mtoto huyu alikuwa akiitwa mkaidi, kumbe hasikii vizuri. Asingetazamwa, angeendelea kuchapwa kwa kosa lisilo lake, na mwisho angeichukia shule. Daftari la senti chache limeonyesha njia.

6. Kazi ya mzazi

Mwalimu humwona mtoto saa chache tu. Wewe unamwona akila, akicheza na akilala. Kwa hiyo:
- Mwambie mwalimu mambo unayoyaona nyumbani.
- Tunza kadi ya kliniki ya mtoto.
- Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na alivyokuwa mwenyewe miezi 3 iliyopita.
- Mtoto akiacha jambo aliloliweza zamani, kama kusema au kutembea, mpeleke hospitali upesi.
- Mtoto asiyeona vizuri, asiyesikia au mwenye ulemavu asifichwe ndani. Shule ni haki yake pia.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi
1. Kwa nini mtihani wa karatasi haumfai mtoto wa awali?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuandika "mkaidi" na kuandika "nimemwita mara 3, hakugeuka"?
3. Taja michezo 2 ya watoto wa hapa kwetu. Kila mmoja unatuonyesha nini juu ya mtoto?

Zoezi
Mtazame mtoto mmoja wa nyumbani kwako kwa muda wa robo saa akicheza. Usimkatize. Kisha andika sentensi 3 za mambo uliyoyaona. Zisome mbele ya wenzako kikundini.