Kuchora kwa Utulivu na Kujitazama

Somo la mwezi huu halihitaji kitabu. Lahitaji kipande cha mkaa kutoka jikoni, karatasi yo yote iliyo tupu upande mmoja, na mahali pa kukaa ambapo hakuna atakayetuita. Twajua ya kuwa wengine watacheka, wakisema kuchora ni kazi ya watoto, ambao hapa Manyoni twawaona wakichora gari la moshi mavumbini kwa kijiti. Nasi tulisema hivyo hivyo, hata siku ile tulipoaibika.

Aibu yenyewe ilikuwa hivi. Mama yetu alizikwa kijijini, chini ya genge, upande wa Saranda, wala hakuacha picha hata moja. Baada ya miaka mingi mjukuu wake, asiyemwona kamwe, akatuuliza, "Bibi alikuwa na uso wa namna gani?" Tukatwaa kalamu ya risasi ili tumchoree. Kigoda chake kikatoka, na kibuyu chake, na shuka jinsi lilivyofungwa begani. Lakini uso haukutoka. Hatukujua masikio yake yalishuka mpaka wapi, wala kama nyusi zake zilikaribiana. Miaka mingi tulikula mkononi mwake, nasi hatukumtazama. Mtoto alingoja kidogo, halafu akaenda kucheza.

Basi tukaanza kuuliza habari za watu waliojua kutazama. Katika mji wa Nürnberg, Ujerumani, aliishi mchoraji Albrecht Dürer, aliyezaliwa mwaka 1471 na kufa mwaka 1528. Mwezi wa Machi 1514 alikaa mbele ya mama yake, akamchora kwa mkaa, mkaa kama huu tulio nao sisi. Mama huyo alikuwa amezaa watoto 18, na wengi wao alikuwa amewazika. Ukiitazama picha ile waona mifupa ya paji, mishipa ya shingo, na macho makubwa yaliyochoka; mwana hakuficha kitu wala hakupamba kitu. Mwezi wa Mei mama akafa. Mwana akairudia karatasi ile ile, akaandika juu yake habari ya kufa kwake. Sisi hatukuwa na karatasi ya kuirudia.

Mtu huyo alijitazama mwenyewe pia. Alipokuwa na umri wa miaka 13, mwaka 1484, alijichora kwa kujiangalia katika kioo. Tena, alipokuwa mtu mzima na mgonjwa, alijichora akiwa hana nguo kifuani, kidole kikionyesha ubavu wa kushoto, akaandika ya kuwa hapo ndipo panapomwuma. Ni wangapi kati yetu wawezao kuweka kidole namna hiyo mahali panapowauma?

Wala tusidhani kazi hii ni ya Wazungu tu. Kule Kolo, wilaya ya Kondoa, wazee wa kale walichora wanyama na watu juu ya miamba kwa rangi nyekundu, nao hawakukosea shingo ya twiga. Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey alikaa huko akizinakili picha hizo kwa mkono, moja moja. Naye Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alijifunza Makerere kwa Bibi Margaret Trowell. Mwalimu huyo alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi jambo, kisha wao wakachora walivyoliona moyoni. Ntiro alikwenda London kusoma, na baada ya uhuru wa Tanganyika akarudi huko kuwa balozi, lakini picha zake zilibaki Kilimanjaro: migomba, watu kazini, safari ya arusi. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imehifadhiwa New York. Aliweza kuyachora ya kwao kwa sababu alipokuwa kwao macho yake yalikuwapo pia.

Sasa, njia ya kufanya. Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa uchoraji wa New York, aliyekufa mwaka 1938, aliacha kitabu kilichotolewa mwaka 1941, na ndani yake zoezi la kwanza ni rahisi kwa kulisikia. Weka mbele yako kitu kimoja. Mkono wako wa kushoto wafaa. Tia kalamu juu ya karatasi, uelekeze macho ukingoni mwa kidole, kisha yatembeze macho polepole, na kalamu iende nayo kana kwamba yaigusa ngozi yenyewe. Usiitazame karatasi. Usifute. Jicho likienda mbio, simama ulingoje.

Mchoro utakuwa mbaya, nasi twawaambia mapema msije mkakata tamaa. Wetu ulifanana na tangawizi. Lakini karatasi ile ilitushitaki vizuri. Kila mahali tulipofanya haraka, mstari ulinyoka. Na kidole cha nne tulikichora kama tunavyojua kidole, si kama kilivyo, kwa maana kimepinda nasi hatukupata kukiona kupinda kwake. Ndipo tukafahamu ya kuwa ndivyo tunavyowafanyia watu. Twamwona jirani mara moja, twaweka sanamu yake moyoni, na tangu siku ile twazungumza na sanamu. Kulikuwa na ndugu tuliyekosana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tulipojaribu kumchora kwa kumbukumbu, kilichotoka ni kinywa kilichofunguka tu. Macho hatukuwa nayo.

Waalimu wa dini watakumbuka yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu apigwe mawe, na jinsi Bwana alivyoinama akaandika kwa kidole chini. Aliyoyaandika hatukuambiwa. Lakini wakati kidole kikienda mavumbini, washitaki walipata nafasi ya kujiangalia, wakaondoka mmoja mmoja, wazee kwanza.

Andikeni tarehe juu ya kila karatasi, msizichane, wala msizionyeshe ili msifiwe. Robo saa kwa siku yatosha.

Mvua zilipokaribia tulishuka kijijini kwa mama mdogo, aliyebaki peke yake wa tumbo lile. Tukamwamkia, tukamwomba ruhusa ya kumchora. Akacheka, akasema, "Mwanangu, wenzako wasafisha mashamba, wewe wanichora mimi niliyezeeka?" Hata hivyo akaketi. Tulianza sikioni, kwa kuwa ndipo tuliposhindwa, ndewe lile refu lililotobolewa zamani za usichana wake. Ikapita nusu saa bila maneno. Halafu akasema, "Tangu upate kazi hujakaa nami hivi. Huja, huacha sukari, huondoka." Hatukuwa na la kujibu, maana ni kweli; tukaendelea na shavu.

Alipoonyeshwa karatasi aliishika mbali na macho, akaitazama sana. Akasema uso haukufanana naye. "Lakini sikio hili," akasema, "hili ni la dada yangu. Yangu na yake yalikuwa mamoja. Watu wakituona kwa nyuma walituchanganya."

Tulirudi Manyoni, tukampa yule mtoto aione. Karatasi iko ukutani sasa, na mkaa umefifia kidogo chini ya sikio, kwa kuwa amelipitishia kidole.