THELUJI YA KRISMASI: SISI WA VOI TUNAIPENDEA NINI?

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kimenipa ukurasa niandike somo juu ya neno moja. Wenzangu walichagua maneno mazito kama vile "haki" na "uzalendo". Mimi nimechagua "theluji". Najua wako watakaocheka, ati mtu wa Voi, mji ambao Desemba hata mabati ya nyumba yanalia kwa jua, anakuja kutufundisha theluji! Ngojeni kwanza.

Neno hili linatuzunguka kuliko tunavyodhani. Likizo inapokaribia, hebu tazama kadi za Krismasi wanazochora watoto wa shule za msingi: nyumba yenye paa jeupe, dohani inayotoa moshi, msonobari, na vitone vyeupe vimejaa hewani. Madukani miti ya plastiki huvalishwa pamba. Na jioni ya tarehe 25 ukipita mitaani, nyumba yenye televisheni imejaa watoto wa jirani, na ndani ya televisheni theluji inaanguka. Hata wale wasiofuata Kiingereza cha filamu wametulia tuli. Swali langu ni hili: kinachowakalisha pale ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Theluji imetoka katika Kiarabu, "thalj", na Waarabu hulitumia kwa theluji na kwa barafu pia. Barafu nayo ina asili ya Kiajemi, "barf", na ajabu ni kwamba kule Uajemi barf ndiyo theluji! Kwa hiyo Kiswahili kilipokea wageni wawili waliokuwa karibu wafanye kazi moja, kikawagawia kazi mbili. Barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu, kama zile za ukwaju tunazonunua nje ya lango la shule. Theluji ikawa ile inayoshuka kutoka mawinguni, laini. Hiyo haianzi kama tone la maji. Ni mvuke uliogandia huko huko juu, ukajipanga kuwa vijipande vyenye pembe sita. Mvua ya mawe ni jambo jingine, yale ni matone yaliyoganda yakawa vidonge. Halafu kuna neno ambalo wengi wetu hatulitumii kabisa, nalo ni "sakitu", yaani umande ulioganda. Ukitaka kumwona ndugu wa karibu wa theluji hapa hapa Voi, chungulia ndani ya friji kuukuu ya duka la soda. Ile nyeupe iliyong'ang'ania ukutani, ukiikwaruza kwa kucha inatoka kama unga. Imetokana na mvuke.

Kuhusu sarufi sitakaa sana. Theluji haihesabiki, kama vile chumvi. Tunasema "theluji inaanguka". Wanaoandika "theluji zilianguka" katika insha zao wanajijua.

Sasa, kabla hatujaenda Ulaya kuitafuta theluji, twende Taveta, kilomita zipatazo 110 tu kutoka hapa. Asubuhi ya Krismasi mtu wa Taveta akifungua mlango, na mawingu yakiwa yamemhurumia, anauona Kilimanjaro na weupe wake juu. Sisi wa Voi inabidi tupande Milima ya Taita asubuhi na mapema, au tuwe kwenye gari maeneo ya Maktau siku ambayo anga ni safi. Mlima uko Tanzania, lakini macho hayaulizwi pasipoti.

Na ni katika njia hii yetu ndipo theluji ilipozusha ugomvi mkubwa wa wasomi. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili, akapita Taita kwa njia ya Bura. Tarehe 11 Mei, akiwa nyikani kuelekea Uchagani, akaona kitu cheupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, alikiita kitu kile kwa neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyeijua theluji tangu kwao Ujerumani, akaelewa mara moja. Habari ilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, msomi mmoja wa London jina lake William Desborough Cooley akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani, macho yamemdanganya! Cooley mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Ubishi haukuisha mpaka Baron von der Decken alipokuja kuupanda mlima mwaka 1861 na tena 1862, na safari hii ya pili theluji ikawaangukia hasa. Hebu fikirini: miaka zaidi ya kumi mtu anaonekana mwongo kwa ajili ya kitu ambacho wasafiri wa njia ile walikuwa wakikiona kila mawingu yakifunguka.

Mimi nalipenda sana jibu la Bwana Kheri. Unaweza kusema halikuwa neno lenyewe, kwani baridi si kitu cha kuonekana. Lakini yeye hakutaja rangi wala umbo. Alitaja kile ambacho kitu kile humfanyia mtu. Hapo ndipo nitakaporudi tukifika kwenye filamu.

Wenye kupenda hesabu, haya. Joto hupungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Voi iko kiasi cha mita 560 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Tofauti ni mita 5,335, kwa hiyo ni kama digrii 32. Yaani mchana ambao Voi tunatokwa jasho kwenye digrii 32, kule juu ni karibu na sufuri, na usiku ni chini zaidi. Cooley angepiga hesabu hii asingeaibika. La kusikitisha ni kwamba weupe ule unapungua. Wataalamu walipolinganisha ramani ya mwaka 1912 na hali ya mwaka 2007, waliona kwamba asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu ilikuwa imekwisha. Huenda watoto wa Taveta wa kesho wakawa kama sisi, theluji yao ikawa ile ya televisheni.

Basi tuingie kwenye televisheni. Filamu ambayo karibu kila mmoja wetu ameiona ni Home Alone, iliyotoka mwaka 1990. Mtoto Kevin, aliyeigizwa na Macaulay Culkin, anasahaulika nyumbani karibu na Chicago wakati familia nzima imeruka kwenda Paris. Sisi hucheka wale wezi wawili wanavyoteleza na kuangukiwa na pasi. Lakini safari ijayo mtazame mama yake. Anahangaika kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, ndege zimejaa, mwishowe anapata lifti katika gari la bendi ya wanamuziki asiowajua, anasafiri usiku kucha. Anafika asubuhi ya Krismasi, na nje pameanguka theluji. Toa wezi, filamu inabaki. Toa mama, hakuna filamu.

Na theluji yenyewe mara nyingi si theluji! Filamu maarufu ya It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, ambayo Wamarekani huitazama kila Krismasi, ilipigwa California wakati wa kiangazi, waigizaji wamevaa makoti mazito juani. Kabla yake watengenezaji wa filamu walikuwa wakimwaga vile vipande vikavu vya mahindi vinavyoliwa na maziwa asubuhi, wakivipaka rangi nyeupe. Ukivikanyaga vinalia kacha kacha mpaka sauti za waigizaji zinapotea. Kwa filamu hii wakabuni theluji isiyopiga kelele, ya povu la kuzimia moto lililochanganywa na sabuni na maji. Kwa hiyo tusiwacheke wenye maduka yetu na pamba zao.

Nilipoendelea kusoma nikakuta jambo hili kila mahali. White Christmas, wimbo ulioimbwa na Bing Crosby katika filamu ya mwaka 1942, una ubeti wa mwanzo ambao mara nyingi huachwa. Katika ubeti huo anayeimba yuko Beverly Hills, kwenye jua na minazi, akitamani kuwa kaskazini. Kumbe hata yeye alikuwa mtu wa joto kama sisi! Charles Dickens naye, ambaye kitabu chake A Christmas Carol cha mwaka 1843 kiliwazoesha watu kuona Krismasi na baridi kali kama mapacha, alizaliwa mwaka 1812, na utotoni mwake Uingereza ilipata majira ya baridi makali kupita kawaida. Mwaka 1814 mto Thames uliganda London mpaka watu wakafungua soko juu yake, na jambo hilo halijatokea tena. Krismasi ya theluji ni nadra London. Wanaoitamani huko nao wanatamani ya zamani, au ya kwingine.

Mimi nadhani theluji katika hadithi hizi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kufunga njia. Ya pili ni kufunga mlango, watu wabaki ndani na moto na chakula, pasiwe na mtu wa kutoka. Ikiwa mmoja hayupo, kile kiti chake kinaonekana zaidi kwa sababu nje ni baridi. Ndiyo ile baridi ya Bwana Kheri.

Nyumbani kwetu baba ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Uganda. Krismasi ya juzi alituahidi kwamba angefika tarehe 24. Jioni ile akapiga simu, alikuwa kwenye foleni Malaba, magari hayasogei. Mdogo wangu wa gredi ya pili alikuwa ametoka kutazama Kevin kwa jirani. Akamuuliza mama, "Baba amezibiwa njia na theluji?" Mimi nilitaka kucheka. Mama hakucheka. Alimwambia, "Eeh mwanangu, lakini itayeyuka." Mguu wa kuku ukawekwa kwenye friji ya jirani. Baba alifika tarehe 27 alfajiri, ananuka dizeli, na mdogo wangu akamkagua viatu kama vina weupe.

Tangu siku hiyo siwezi kusema filamu hizi ni za Wazungu peke yao. Mji wetu uko kwenye barabara ya Mombasa. Tarehe 23 na 24 Desemba simama stendi uone: nauli imepanda, mabasi kutoka Nairobi yamejaa, treni ya SGR tikiti zimekwisha, akina mama wamekalia magunia, kila mtu anauliza gari la Wundanyi, la Mwatate, la Taveta. Hakuna hata chembe ya theluji, lakini wote wale ni mama yake Kevin.

Na kazi ya pili, ile ya kufunga mlango, inafanyika huko milimani. Wundanyi iko juu ya Voi kwa kiasi cha mita 900, hesabu yetu ile inasema digrii 5 hivi za baridi zaidi, na Desemba ukungu hushuka mpaka huoni mgomba wa jirani. Kwa nyanya yangu hatukai sebuleni. Tunajazana jikoni, kwenye mafiga matatu na moshi unaotoa machozi, wajomba wa Mombasa wamevaa sweta za kuazima, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kwenda kuteka maji. Filamu yoyote ya theluji ingepigiwa mle jikoni, ila tu mpiga picha angekosa pa kusimama.

Wanachama wenzangu, nawaachia kazi ya likizo. Muulizeni mzee wa nyumbani neno la lugha yenu, iwe Kidawida, Kisagalla, Kitaveta, Kikamba au Kijaluo, la ukungu wa asubuhi, la umande, na la baridi inayouma vidole. Andikeni neno, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja. Muhula ukifunguliwa mpeni katibu, tutayabandika ubaoni. Na atakayebahatika kuuona mlima asubuhi ya Krismasi atuandikie pia alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, na weupe ulikuwa umefika wapi.