Jeraha la Mguu Liandikwe Vyema: Anachopaswa Kujua Mkazi Kuhusu Rekodi na Misimbo ya Matibabu

Mkazi akifika zahanati na kusema "nimeumia mguu", bado hajaeleza mengi. Kwa Kiswahili, mguu huanzia pajani hadi vidoleni. Daftari likiandikwa "kidonda mguuni" pekee, muuguzi atakayempokea mgonjwa huyo wiki ijayo hatajua kama kidonda kinapona au kinapanuka. Afisa wa rekodi za afya naye hatajua atumie msimbo upi. Somo hili linaeleza jinsi majeraha yaliyo kati ya goti na kifundo yanavyopaswa kuandikwa, na kwa nini jambo hilo linamhusu kila mkazi.

Msimbo ni nini?

Msimbo ni alama fupi ya herufi na tarakimu inayosimamia ugonjwa au jeraha. Orodha ya misimbo hutolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na hujulikana kama ICD. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi kimataifa Januari 1, 2022. Mifano ifuatayo ni ya toleo la 10, ambalo limetumika kwa miaka mingi:

- S81: jeraha lililo wazi la goti au sehemu iliyo chini yake, kwa mfano la kukatwa na panga au jembe.
- S82: mfupa wa sehemu hiyo uliovunjika.
- S91: jeraha lililo wazi la kifundo au wayo.
- T24: kuungua kwa mguu, bila kuhesabu kifundo na wayo. Anayeunguzwa na ekzosi ya pikipiki huwekwa hapa.
- I83.0: kidonda kinachotokana na mishipa ya damu iliyovimba.
- E11.5: kidonda cha mwenye kisukari cha aina ya 2 ambaye damu haifiki vizuri miguuni.
- L97: kidonda cha mguu kisicho na mahali pengine katika orodha.

Mbali na msimbo wa jeraha, upo msimbo wa chanzo. W54 ni kuumwa na mbwa, na V20 hadi V29 ni ajali zinazowaumiza wanaopanda pikipiki, dereva na abiria.

Ni wazi basi kwamba vidonda viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kuwa na misimbo tofauti kabisa, kwa sababu chanzo ni tofauti na matibabu ni tofauti. Jeraha la jembe huoshwa, hushonwa ikibidi, na mgonjwa hukaguliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda. Kidonda cha mwenye kisukari hakitapona kwa kufungwa bandeji tu ikiwa sukari haijadhibitiwa. Kikiandikwa kama jeraha la kawaida, mgonjwa anaweza kusafishwa kidonda wiki baada ya wiki bila kupimwa sukari, hadi kiwe kidonda ndugu na mguu uwe hatarini kukatwa.

Rekodi nzuri ina nini?

Msimbo hauwezi kuwa sahihi kuliko maelezo yaliyoandikwa na aliyemhudumia mgonjwa. Maelezo hayo yanapaswa kujibu maswali haya:

1. Ni mguu wa kulia au wa kushoto?
2. Ni mahali gani hasa: gotini, mbele kwenye muundi, au nyuma kwenye shavu la mguu?
3. Kilitokea nini, lini na wapi?
4. Urefu, upana na kina ni sentimita ngapi?
5. Kuna usaha, harufu, uvimbe, joto au ngozi iliyobadilika rangi?
6. Mgonjwa ana kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa mwingine?
7. Amepewa matibabu gani, na arudi lini?

Linganisha maandishi haya mawili. La kwanza: "Kidonda mguuni. Amesafishwa." La pili: "Mguu wa kulia, mbele, sentimita 10 chini ya goti. Amekatwa na jembe shambani siku 2 zilizopita. Urefu sm 4, upana sm 1, kina sm 0.5. Hakuna usaha. Hana kisukari. Ameoshwa na kufungwa. Arudi baada ya siku 2." Ukisoma la pili, hata muuguzi wa kituo kingine anaweza kuendelea na matibabu bila kuanza upya.

Rekodi hiyo huenda wapi?

Kwanza, humfuata mgonjwa anapopewa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali.

Pili, takwimu za vituo hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa kitaifa wa habari za afya, KHIS. Watu walioumwa na mbwa wakiandikwa kuwa wana "kidonda" tu, itakuwa vigumu kujua ni kituo gani kinahitaji chanjo zaidi ya kichaa cha mbwa.

Tatu, hutumika katika malipo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Dai la hospitali linapaswa kulingana na yaliyo kwenye faili, la sivyo linaweza kurudishwa au kukataliwa. Msimbo hufuata ugonjwa, kamwe hauchaguliwi kwa kuangalia malipo.

Nne, huwa ushahidi. Aliyejeruhiwa katika ajali au kwa kushambuliwa huhitaji fomu ya P3, inayotolewa bila malipo na polisi. Mhudumu anayeijaza hutegemea kilichoandikwa siku ya kwanza ya matibabu.

Wajibu na haki za mkazi

Sema ukweli kuhusu chanzo cha jeraha, hata kama ni la kuaibisha. Taja kisukari na dawa unazotumia. Beba daftari au karatasi zako kila unaporudi. Kabla ya kuondoka, thibitisha kwamba upande wa mguu na tarehe ya kurudi vimeandikwa. Usitie sahihi fomu ya malipo ambayo haijajazwa.

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, una haki ya kuona taarifa zako na kuomba makosa yarekebishwe. Habari za afya yako ni siri na hazipaswi kutangazwa kwa wengine.

Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituoni siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata kidonda kidogo kikue. Yeyote ambaye kidonda chake hakijaonyesha dalili ya kupona baada ya wiki 4 arudi kituoni akaguliwe upya na aulize: chanzo chake kimeandikwa kuwa nini?