Tiba ya Ndoa na Familia: Anachojifunza Mtaalamu na Kinachowezekana Liparamba

Katika kata ya Liparamba, Wilaya ya Nyasa, jirani na mpaka wa Msumbiji, wanandoa waliofarakana huwa na njia mbili zilizozoeleka: wazee wa ukoo na baraza la usuluhishi wa ndoa. Njia ya pili imewekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 101 kinazuia, isipokuwa katika mazingira maalumu, kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Njia ya kwanza ni kongwe zaidi. Katika milima ya Umatengo, wilaya jirani ya Mbinga, ilikuwako sengu, ambamo wanaume wa ukoo walikula pamoja na wazee wakasikiliza mashauri ya nyumba zao.

Njia hizo zinastahili heshima, lakini zote hulenga suluhu, na suluhu peke yake haitibu. Mpatanishi hutaka kujua nani amekosa na alipe nini. Mtaalamu wa tiba ya ndoa na familia huchunguza mwenendo unaojirudia kati ya wawili hao, na ni nani mwingine nyumbani anayeuendeleza bila kujua.

Fani hii husomewa katika ngazi ya uzamili. Jijini Nairobi, Pan Africa Christian University huifundisha hadi uzamivu. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili hutoa uzamili wa saikolojia ya tiba, fani iliyo karibu nayo. Darasani mwanafunzi hujifunza, pamoja na mengine, kuchora ukoo wa vizazi vitatu katika karatasi moja, akionyesha ndoa, vifo, talaka, uhamaji na ulevi. Mbinu hiyo ina asili katika kazi ya Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Baadaye huonana na wanandoa halisi kwa mamia ya saa, huku mwalimu akimtazama au akisikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa kwa ridhaa yao. Kwa maoni yangu, thamani ya shahada iko hapo. Ni vigumu mtu kujigundua mwenyewe pale anapoanza kuegemea upande wa mume kwa kuwa mume ndiye msemaji hodari.

Stadi moja katika mafunzo hayo huokoa maisha, nayo haihitaji kioo wala kinasa sauti: kumwona kila mwenzi peke yake kabla ya kuwakalisha pamoja. Mke anayepigwa hatasema mbele ya ampigaye, na akithubutu, huenda akalipia usiku. Utafiti uliofanyika katika kituo cha ushauri nasaha na upimaji wa VVU Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa miongoni mwa wanawake wenye umri chini ya miaka 30, waliokuwa na VVU walieleza kufanyiwa ukatili na wenzi wao takriban mara kumi zaidi ya wasio na VVU. Mhudumu anayehimiza wenzi waelezane majibu yao yampasa kwanza ajue ni nyumba ya namna gani anayoigusa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anakuja zahanati kwa mara ya nne akilalamikia kichwa na kukosa usingizi, malaria haionekani. Ni msimu wa malipo ya kahawa. Muuguzi akimwuliza mbele ya mumewe, atajibiwa kuwa nyumbani ni salama. Akimtenga kwa kisingizio cha kawaida, kama kupima uzito, anaweza kumwuliza kwa upole: «Mama, kuna mtu nyumbani unayemwogopa?» Akijibu ndiyo, mazungumzo ya wawili yaahirishwe. Atibiwe, aulizwe kama ni salama kurudi leo na ana ndugu gani wa kumpokea, kisha aelezwe kuhusu ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, uamuzi ukibaki wake. Wajumbe wa baraza nao wanaweza kumsikiliza kila mmoja faraghani kwanza, na wakumbuke kifungu cha 66 cha sheria ile ile: hakuna mila inayompa mtu haki ya kumpiga mwenzi wake.

Pasipo hofu wala kipigo, muuguzi aliyefundishwa unasihi wa msingi anaweza kuwakalisha pamoja, kila mmoja akaeleza jambo moja analotaka libadilike huku mwenzake akirudia alichosikia kabla ya kujibu.

Kumbukumbu zitunzwe kwa uangalifu. Kadi ya kliniki hurudi nyumbani na kusomwa na wengine. Habari za kipigo ziandikwe katika jalada linalobaki kituoni.