Dondoo muhimu: Kutunza marashi yasiyotengenezwa tena

Marashi ya kike ambayo kiwanda kimeacha kuyatengeneza, kama Chypre ya Coty iliyotoka mwaka 1917, hayana mbadala dukani. Chupa iliyobaki ndiyo akiba yote. Hata jina likirudi sokoni, harufu huenda isiwe ile ile, kwa kuwa Umoja wa Ulaya umepiga marufuku viungo kadhaa vinavyoleta mzio, kikiwemo Lyral.

Adui mkubwa ni joto, kisha mwanga na hewa. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, chini ya bati kwenye joto la mwezi Oktoba, rafu ya juu haifai kabisa. Chupa ikae chini, imesimama, ndani ya boksi lake au sanduku la nguo, kizibo kikiwa kimekazwa, tena mbali na jiko la mkaa maana spiriti yake hushika moto.

Chupa ya zamani inayonunuliwa sokoni Lilongwe ijaribiwe kwanza kwenye karatasi. Harufu za limau na machungwa ndizo hufa mapema, hivyo mpulizo wa kwanza unaweza kunuka kama vanishi. Marashi yasihukumiwe hapo: baada ya dakika 20 hivi, waridi, asmini au msandali huweza kujitokeza safi. Rangi kugeuka kahawia peke yake si kasoro. Yakiendelea kunuka uchachu, yamekwisha.

Yapakwe kwenye ngozi iliyofunikwa na nguo, kwani mafuta ya bergamoti yaliyomo katika marashi mengi ya kale huacha mabaka meusi ngozi ikipigwa na jua. Kuongeza spiriti au maji ili chupa ijae hakurudishi harufu, huizimua tu.