Mnara wa simu karibu na nyumba: sheria inatulinda vipi?

Swali: Hapa kwetu Bulengera, Butembo, wamesimamisha mnara wa simu karibu na ukuta wetu. Nina mtoto mchanga. Mionzi yake itatudhuru?

Jibu: Mama, mionzi ya antena si kama ya eksirei. Haina nguvu ya kuvunja vinasaba. Ikizidi sana hupasha mwili joto. Ndiyo maana tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICNIRP, imeweka vikomo: kwa raia, wati 4.5 kwa mita mraba kwenye masafa ya megahezi 900. Antena hurusha mawimbi mbele zaidi kuliko chini ya mnara, na umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa ushahidi mdogo.

Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama, na simu zinasimamiwa na mamlaka ya serikali, ARPTC. Wewe na majirani, andikieni shefu wa kartie na ofisi ya komuni, nakala kwa ARPTC. Ombeni mnara upimwe, na matokeo mpewe kwa maandishi. Jibu la mdomo msilikubali.