Mwandishi Anayejichapishia Kitabu Chake

Chukua kitabu chochote cha fasihi ulicho nacho, pita jalada, kisha tazama nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Watahiniwa wengi huuruka ukurasa huo kwa kuwa hauna wahusika wala dhamira. Hapo ndipo penye jina la mchapishaji, mwaka wa toleo, tangazo la hakimiliki na namba ya ISBN. Somo hili linahusu ukurasa huo, na swali lake ni fupi: kitabu ni cha nani?

Majina matatu usiyachanganye

Mwandishi ni yule aliyetunga. Mchapishaji ni mtu au kampuni inayougharimia mswada mpaka uwe kitabu: hulipa mhariri, mchoraji wa jalada na mpigachapa, kisha hukisambaza kitabu madukani. Mpigachapa ni mwenye mashine. Yeye hulipwa kazi yake kama fundi cherehani anavyolipwa ushonaji. Kitabu kisipouzika, yeye hapotezi kitu. Anayepoteza ni mchapishaji.

Mwandishi anayejichapishia, basi, ni yule anayeshika nafasi mbili za kwanza kwa pamoja. Anatunga, na anagharimia. Si lazima awe na mashine. Kwa hiyo usiandike katika mtihani kwamba mwandishi wa namna hii "anapiga chapa vitabu nyumbani". Kosa hilo huonyesha kuwa mtahiniwa hakuelewa dhana, hata kama hoja zake nyingine ni nzuri.

Istilahi nyingine mbili utazihitaji. Mrabaha ni sehemu ya bei ya kitabu anayolipwa mwandishi na mchapishaji kwa kila nakala inayouzwa. Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Tanzania haki hii inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kitabu cha Bagamoyo kilichotoka kwa jina la mwingine

Kutoka magofu ya Kaole hadi Bagamoyo mjini ni kilomita 5 hivi. Pwani hii ilimtoa mmoja wa waandishi wa mwanzo wa nathari ya Kiswahili, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Mwaka 1903 kikatoka nchini Ujerumani, katika mji wa Göttingen, kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake mna habari za kuzaliwa, jando, ndoa, ngoma, pepo, kilimo, mazishi na sheria za watu wa Mrima, zimesimuliwa kwa Kiswahili na mtu anayezijua kutoka ndani.

Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Mtoro, na mengine ni ya Waswahili wenzake. Lakini jina lililotangulia kwenye kitabu ni la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya na kuyatafsiri. Kwa miaka mingi mtu aliyekitafuta kitabu hicho maktabani alikitafuta chini ya jina la Velten. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, iliyochapishwa mwaka 1981, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro kwenye jina la kitabu chenyewe. Mtoro alikuwa amefariki Berlin mwaka 1927.

Tuwe waadilifu: Velten ndiye aliyeomba maandishi hayo yaandikwe, na bila yeye huenda tusingeyapata. Hata hivyo mfano huu unaonyesha jambo ambalo maelezo ya jumla hayalionyeshi. Mwenye fedha za kuchapa ndiye aliyeamua jina gani likae mbele, kitabu kitoke wapi na kiuzwe kwa nani. Kitabu cha desturi za Bagamoyo kilitoka mbali kabisa na wasomaji wa Bagamoyo.

Kungoja mchapishaji kuna gharama nyingine, nayo ni muda. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na kazi zake Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968. Mshairi mkubwa kuliko wote wa wakati wake hakuviona vitabu hivyo viwili vikiuzwa.

Ben Mtobwa na Heko

Katika miongo iliyofuata, mtunzi wa Tanzania alikuwa na milango michache ya kubisha. Kulikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, na Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1966. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mlango wa kwanza ukafungwa. Wa pili ulikuwa na foleni, na riwaya za upelelezi na mapenzi, zile tunazoziita fasihi pendwa, hazikuwa mbele katika foleni hiyo. Wasomaji walizitaka, lakini wasomi wengi walizidharau.

Ndipo baadhi ya watunzi walipoamua kujifungulia njia. Anayefaa kukumbukwa kwanza ni Ben Mtobwa (1958–2008), mtunzi wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango. Mtobwa alianzisha kampuni yake, Heko Publishers, Dar es Salaam, akachapisha humo riwaya zake, miongoni mwazo Dar es Salaam Usiku. Baadaye kampuni ya East African Educational Publishers ya Nairobi ikazitoa baadhi ya riwaya zake upya. Zingatia mfuatano huo. Mtunzi alianza kwa kujichapishia, wasomaji wakapatikana, kisha mchapishaji mkubwa akaja mwenyewe.

Sasa rudi kwenye ule ukurasa tuliotangulia kuutaja, safari hii katika riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo watahiniwa wengi wameihakiki. Mchapishaji ni nani? Ni Heko Publishers. Kampuni aliyoianzisha mtunzi wa riwaya za upelelezi ndiyo iliyokitoa kitabu cha mtunzi mwingine, kikaingia darasani kwako na kwenye mtihani wa taifa. Hoja hii itumie ukiulizwa kama uchapishaji binafsi umeisaidia fasihi ya Kiswahili. Ni hoja yenye ushahidi, na watahiniwa wachache wataikumbuka.

Hesabu ya nakala 500

Wanafunzi hupenda kuandika kwamba mwandishi anayejichapishia "hupata faida yote". Tuijaribu kauli hiyo kwa tarakimu. Tarakimu zenyewe ni za kujifunzia. Bei halisi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Tuseme binti wa Kaole ameandika riwaya fupi inayotokea kwenye magofu. Uhariri, upangaji wa kurasa na jalada vinamgharimu shilingi 900,000. Kupiga chapa nakala 500 kwa shilingi 3,000 kila moja ni shilingi 1,500,000. Jumla ametoa shilingi 2,400,000 kabla hajauza hata nakala moja. Anaweka bei ya shilingi 8,000.

Akiuza kupitia maduka, na mwenye duka akachukua asilimia 30, yaani shilingi 2,400, yeye hubaki na shilingi 5,600. Gawanya 2,400,000 kwa 5,600, utaona kwamba gharama zake hazirudi mpaka auze nakala ya 429. Akizimaliza zote 500, faida ni shilingi 400,000.

Linganisha na mwenzake aliyempa mchapishaji mswada kwa mrabaha wa asilimia 10. Kila nakala ya shilingi 8,000 humpa shilingi 800. Nakala 500 zikiuzwa, anapata shilingi 400,000. Kiasi ni kilekile, na wala hakuhatarisha fedha yake! Lakini binti wa Kaole akiziuza zote kwa mkono wake, shuleni, kwenye mahafali, kwa watalii wanaojua Kiswahili, kwenye tamasha la sanaa la Bagamoyo, anapata shilingi 4,000,000, na faida inakuwa 1,600,000. Na akipiga chapa mara ya pili halipi tena zile 900,000 za mwanzo.

Kwa hiyo faida ya kujichapishia inategemea sana anayeuza ni nani. Mtunzi asiyependa kuuza, anayeona haya kumwambia mtu "nunua kitabu changu", ni afadhali atafute mchapishaji.

Mswada unapita wapi

Mswada husomwa kwanza na mtu asiye rafiki wa mtunzi, kisha huhaririwa. Baada ya hapo mtunzi huomba namba ya ISBN, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mtunzi mmoja mmoja anaweza kuiomba, si kampuni peke yake. Katika vitabu vya Tanzania namba hiyo mara nyingi huwa na tarakimu 9976 au 9987. Hakikisha kwenye vitabu vyako. Namba hii haimpi mtunzi hakimiliki. Kazi yake ni kukitambulisha kitabu kwa maktaba na wauzaji. Hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa na kuandikwa, na kuisajili COSOTA humpa mtunzi ushahidi mgogoro ukitokea.

Kitabu kinachokusudiwa kufundishiwa shuleni kina kizingiti cha ziada, kwa kuwa lazima kipate ithibati, na hapo Taasisi ya Elimu Tanzania inahusika. Ukitaka kukiuza kama hadithi ya kawaida dukani, kizingiti hicho hakikuhusu. Taasisi hiyohiyo pia huratibu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kwa mtunzi asiye na fedha, mashindano ya namna hii ni njia ya tatu, kati ya kujichapishia na kungoja mchapishaji.

Kuna wale pia wanaouza riwaya zao sehemu kwa sehemu kupitia simu, kwenye makundi ya WhatsApp. Gharama ya kupiga chapa haipo. Tatizo ni kwamba mnunuzi mmoja akiisambaza kwa wenzake, mauzo yanakufa siku hiyohiyo.

Udhaifu wake

Udhaifu mkubwa ni uhariri. Mtunzi akijihariri mwenyewe husoma alichokusudia kuandika badala ya alichokiandika. Ndiyo maana vitabu vingi vya kujichapishia vina majina ya wahusika yanayobadilika katikati, nukta zilizopotea, na Kiswahili kilichoandikwa kwa pupa. Kwa maoni yetu fedha ya mhariri ndiyo ya mwisho kupunguzwa. Punguza rangi za jalada kwanza.

Wapo vilevile wajanja wanaojiita wachapishaji huku wakimdai mwandishi alipe gharama zote, kisha wakachukua na hakimiliki. Hao hawachapishi, wanapiga chapa kwa bei ya juu. Kipimo ni kimoja: kama fedha inatoka kwako, basi haki zibaki kwako, na mkataba useme hivyo kwa maandishi.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe moja kwa moja. Kutoa fotokopi ya riwaya nzima ili mgawane darasani ni kuvunja hakimiliki. Mtobwa alifariki mwaka 2008, hivyo kazi zake zinalindwa mpaka mwisho wa mwaka 2058. Tena rudi kwenye hesabu yetu: shule moja yenye watahiniwa 80 wanaosoma fotokopi inamnyima binti wa Kaole nakala 80, na alihitaji 429 ili tu arudishe fedha aliyotoa.

Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kati ya mwandishi, mchapishaji na mpigachapa, kisha eleza nani kati yao hupata hasara kitabu kisipouzika.

2. Kwa kutumia mfano wa Desturi za Wasuaheli, eleza jinsi mchapishaji anavyoweza kuathiri umiliki wa kazi ya fasihi. (Usisahau kutaja mwaka 1903 na 1981, na usiseme Mtoro hakuandika.)

3. Rudia hesabu ya nakala 500, safari hii mwenye duka achukue asilimia 40. Gharama zitarudi kwenye nakala ya ngapi? Bei ya kitabu ungeibadilisha au ungeiacha?

4. "Mwandishi wa Tanzania hanufaiki na kazi yake." Jadili kauli hii kwa hoja sita. (Kauli ya namna hii haikulazimishi kukubali. Unaweza kukubali kwa hoja nne na kupinga kwa mbili, mradi uonyeshe msimamo katika utangulizi. Hoja ya Heko na Watoto wa Mama N'tilie iweke upande wa kupinga, na hoja ya fotokopi upande wa kukubali. Ukiandika "wizi wa kazi za sanaa" bila mfano, hoja hiyo itakuwa nusu.)